Alama ya Ukutani

Bado naona haya kupita karibu na zahanati yetu hapa Garissa. Enzi nikicheza voliboli, nilichora ukutani kwangu alama ya urefu wangu. Juzi nilisimama hapo, kichwa kikaipita alama kwa vidole viwili. Kwa umri huu, na kitambi hiki, bado narefuka? Nikajua ni maradhi ya mifupa. Nikamwusia mke wangu Habiba jinsi ya kugawa ngamia, kisha tukakimbilia zahanati.

Daktari akanipima, akalinganisha na kadi yangu ya zamani. “Adeer, ami yangu, umefupika. Uzee hupunguza kimo, na unene hauongezi.”

“Ukuta wangu haudanganyi!” nikafoka mbele ya foleni nzima.

Habiba akajifunika uso kwa shungi. “Wallahi haudanganyi, mzee. Lakini si wewe uliyemwaga simiti sakafuni mwezi uliopita?”