Mwaka Waliozima Boila

Watu wengi Desemba huwakuta wakicheka. Mwanamke mmoja aitwaye Pasi ilimkuta akitafuta pa kujificha. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelitumia kazini. Alisimama kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, katika kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, na shuka likipita mikononi mwake lilinyooka hata mgonjwa aone haya kulilalia. Basi wakamwita Pasi, naye akaitika.

Shida yake ilikuwa hii: kanisa la kwao halisherehekei Krismasi. Lilikuwa kanisa dogo, la watu wanaojuana mpaka magonjwa, na kwao sikukuu hiyo haimo katika Maandiko. Usivae mapambo yake, usiimbe nyimbo zake, usile keki yake. Anayeonekana akifanya hayo hutengwa. Na kutengwa kwao hakukuwa maneno ya kutishia watoto, la hasha! Waumini hawakusemeshi, hawaketi nawe mezani, hawapokei chakula mkononi mwako, hata awe mama aliyekuzaa.

Sasa Pasi mwenyewe, tuseme ukweli, imani yake ilikuwa vuguvugu. Asingekosa usingizi kwa kipande cha keki. Lakini mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, yuko kitandani chumba cha mbele, na kwa mama huyo kanisa lilikuwa kila kitu. Pasi akiwa kazini, akina dada wa kanisa walikuja kwa zamu kumgeuza, kumwosha na kumsomea. Jioni Pasi alirudi, akapika, akamlisha kijiko kwa kijiko huku wakiwasema majirani na kucheka mpaka mmoja asinzie. Mume alikwenda zake zamani, watoto hakujaliwa. Saa hiyo ya kijiko ndiyo iliyokuwa maisha yake, na alijua fika kwamba Krismasi moja tu ingeweza kumnyang'anya.

Kwa hiyo kila Desemba alikuwa na ujanja wake. Siku ya sherehe ya kazini lazima mtu mmoja abaki kuangalia boila ya mvuke na kumalizia mashuka ya wodi, maana wagonjwa hawana likizo. Nani anataka kubaki? Wenzake walianza kuumwa vichwa na kusingizia zamu. Pasi akasema, "Nendeni tu jamani, mie na kelele hatupatani." Wakamwona malaika. Msimamizi wa zamani, mzee mkavu asiyejua kucheka, aliijua sababu na hakuwahi kuitaja. Alipita mbele yake akanong'ona, "Boila ni yako," akaenda zake. Watu wa namna hiyo siku hizi hawazaliwi.

Mzee akastaafu. Akaja meneja mpya, mwanamke mchangamfu mwenye moyo mzuri, na hapo ndipo pabaya, maana mwenye roho mbaya unamkwepa, mwenye moyo mzuri utamkwepa vipi? Redio, fundi wa mashine ya kukausha, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukuwa na pa kuuzimia, akamwendea meneja na huruma zake. "Huyu Pasi kila mwaka tunamwacha peke yake. Kwa kweli tunamwonea."

Meneja akawakusanya wote mbele ya mashine. "Mwaka huu hakuna atakayebaki," akatangaza. "Mashuka ya wodi tutayamaliza mapema na boila tutaizima. Sisi ni familia moja!" Watu wakapiga vigelegele. Redio akamkonyeza Pasi, anangoja shukrani.

Pasi alimfuata meneja ofisini, mikono inanuka sabuni. "Bosi, siku hiyo naomba ruhusa. Mama yangu hajiwezi."

"Pole sana, dada. Basi usijali, nitakurudisha mwenyewe kwa gari, na chakula cha mama nitamfungia."

Haya, sema sasa! Hapo ndipo mahali pa kusema, "Bosi, kanisa letu haliruhusu." Hakusema. Aliwahi kumwona kibarua mmoja wa boila akisema maneno hayohayo. Wakamtania mwezi mzima, na Januari, mikataba ilipofanywa upya, wake haukufanywa. Hakuna aliyesema ni kwa ajili hiyo, na hakuna aliyekuwa na haja ya kusema. Bila kazi mama angekula nini? Pasi akajibu, "Asante, bosi."

Alipiga hesabu zake: atakaa karibu na mlango, hataimba, hatagusa chakula, atahesabiwa amekuja, yamekwisha. Akakaa hapo mlangoni na chupa yake ya maji. Kumbe meneja naye ana mipango yake. Katikati ya sherehe meneja akasimama kwenye kiti. "Na mfanyakazi bora wa mwaka ni..." Watu wakamalizia kwa sauti moja, "Pasiii!"

Wakamvuta mbele. Kofia nyekundu ikashuka kichwani mwake, kisu kikatiwa mkononi, mkono wa meneja juu ya wake, keki ikakatwa. "Tabasamu, Pasi!" Redio akapiga kelele, simu juu. Na Pasi akatabasamu. Mimi ningependa kuwaambia kwamba alitabasamu kwa woga, lakini nitakuwa nadanganya. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumpigia makofi, wala hakuna aliyekuwa amesimama kwa ajili yake. Alisikia raha, masikini ya Mungu, akacheka mpaka meno ya nyuma.

Picha ile Redio hakulala nayo. Aliirusha mtandaoni kabla vyombo havijaoshwa, na dunia ni ndogo kuliko unavyodhani. Siku chache baadaye mzee wa kanisa alibisha hodi, akaketi pembeni ya kitanda cha mama, akatoa simu.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Walinilazimisha."

Mzee hakuwa mtu mbaya. Alitaka sana kuamini. Akamgeuzia simu polepole. "Binti yangu, anayelazimishwa hucheka hivi?"

Pasi alitazama picha. Akamtazama mama yake, naye mama alikuwa ameitazama picha kabla yake. Mzee akatoa hukumu ya kanisa: atengwe mwaka mzima, kisha ndipo toba yake isikilizwe. Mzee alipotoka alimuaga mama peke yake.

Jioni hiyo Pasi alipika kama kawaida, akaketi, akapeleka kijiko. Mama akafunga mdomo. "Mama, ni mimi." Mdomo ukabaki umefungwa, machozi yanateremka upande ule ambao bado ulikuwa na nguvu. "Mama, utalala na njaa? Kwa ajili ya kofia?" Mama akageuza uso ukutani. Pasi alikaa na sahani mapajani mpaka chakula kikapoa, akalia kwa uchungu na kwa hasira, na sijui kipi kilizidi.

Kisha meneja akampa Pasi likizo ya sikukuu, na mambo yakawa mabaya zaidi. Pasi akawa nyumbani kutwa, na akina dada wa kanisa wasingeingia nyumba alimo aliyetengwa. Siku ya Krismasi yenyewe, wakati mtaa mzima unanukia vya kukaanga, mama alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Maji yakamfika Pasi shingoni. Akambishia hodi jirani, Mama Mapacha, ambaye hakuwa wa kanisa lao wala la mtu mwingine yeyote.

"Mpelekee mama hii sahani. Mwambie umepika wewe."

"Atajua."

"Mpelekee tu, dada yangu, nakupigia magoti."

Pasi akasimama nyuma ya pazia la mlango. Alisikia kijiko kikigonga sahani, akasikia mama akitafuna. Kisha mama akasema kwa ule ulimi wake mzito, "Mwambie aliyepika, chumvi haikutosha."

Tangu hapo ndivyo walivyoishi. Likizo ilipokwisha akina dada wakarudi mchana, Pasi akiwa kazini, na Mama Mapacha akaja jioni kulisha na kubeba maneno. Mwambie afunge dirisha. Mwambie mama nimelifunga. Mwambie amekonda, ale. Wakati mwingine wote watatu walikuwa chumba kimoja, na maneno yakapita kwa jirani kwenda umbali wa hatua moja. Kazini mkataba wa Pasi ulifanywa upya, na meneja aliitundika ile picha ukutani, karibu na boila.

Mama hakuumaliza mwaka ule wa kutengwa. Ilikuwa asubuhi yake ya mwisho, Mama Mapacha amekwenda sokoni, Pasi anamfuta mama uso kwa kitambaa cha maji, maana kufutwa alikubali. Mama akafumbua macho, akamtazama sana. Midomo ikaanza kucheza. Pasi akainama, akangoja. Mama akaangaza macho chumbani, huku na huku, akimtafuta mtu wa kumwambia "mwambie". Walikuwa wawili tu.