Jirani Yetu Mfumaji

Jirani yetu mfumaji, hapa kijijini Sikka, husali huku akifuma. Midomo inacheza, vidole vyenye rangi ya nili vinakaza uzi, lakini ukimwamkia anakatiza sala papo hapo. "Kaa. Mungu atanisubiri, wewe una haraka." Wenzake wakianza kumsema mtu, huuliza kwa sauti yake ya kukwaruza, "Tunamwombea huyo, au tunamtafuna?" Wanacheka, kisha wanageuza mazungumzo.

Jumapili moja dereva ambaye lori lake lilimuua binti wa mfumaji alikuja misani, ametoka gerezani juzi tu. Watu wakasogea mbali naye, akabaki peke yake kwenye benchi. "Hana haya huyu!" Mama Petronela akaninong'oneza. Mfumaji akainuka, akaenda kuketi kando ya kijana yule. Padri aliposema tutakiane amani kwa kupeana mikono, dereva akaficha mikono nyuma.

"Nipe mkono, mwanangu," mfumaji akamwambia. "Nimeomba siku nyingi niweze kuushika. Usiniangushe leo."

Akampa. Sisi wengine tulikwisha kupiga magoti, na wao wawili bado wamesimama, wameshikana.