Upepo wa Mabati ya Kabiro

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, na fundi akishazoea moto anaamini hakuna kitu cha kumshinda. Ndiyo maana, mke wangu aliponunua sanduku la stima la kuangulia mayai ya kuku, na stima ya plot yetu ya kupanga hapa Kabiro ikaanza kupotea kila mara, sikumwambia pole. Nilimwambia, "Mama watoto, tulia. Nitakutengenezea stima ya upepo."

Alitaka kuacha kufulia matajiri nguo kule Lavington. Mikono yake ilikuwa imechubuka, na matumaini yake yote yalikuwa kwenye yale mayai.

Mimi nilikuwa nimeiona mitambo ya upepo kwenye vilima vya Ngong nikienda kufunga geti Karen. Redio nayo haichoki kusema Kenya ina upepo wa ajabu, kwamba hata Turkana wanauvuna. Sisi je? Si mabati yetu yalilia kutwa, kra-kra-kra, mpaka tunaongeza sauti ya hiyo redio? Nikasema huo upepo unatosha plot nzima. Jamani, huo ndio ulikuwa utafiti wangu wote!

Nikachukua alternata ya gari bovu, ile ya kuzalisha stima, nikakata paipu ya maji kuwa mapanga, nikasimamisha mlingoti juu ya paa. Wapangaji wakaja kutazama, nami nikawahutubia kama waziri. Mapanga yakazunguka kidogo, yakalala. Mwenye plot akapanda, akakanyaga bati moja, kelele yote ikakatika.

"Fundi, hizi bati zimetoka misumari, ndiyo maana zinalia hata kwa kaupepo kadogo," akasema. "Upepo gani hapa? Si umezibwa na hizo gorofa?"

Wapangaji walicheka hadi wakashika mbavu. Stima ikapotea papo hapo, na mayai yalikuwa karibu kuanguliwa. Nilibaki juu peke yangu, nazungusha mapanga kwa mkono, mjinga kabisa, nikiogopa kushuka.

Chini, mke wangu alikuwa akichemsha maji kwa jiko la makaa, akijaza chupa na kuzipanga kando ya mayai, kisha akafunika sanduku kwa blanketi letu. Hakuniita.

Niliposikia mlio mdogo nilishuka mbio. Kifaranga cha kwanza kilikuwa kimetoboa ganda. Nilisimama mlangoni machozi yakinitoka.

"Baba watoto," akasema bila kuinua kichwa, "funga huo mlango. Upepo utaniulia vifaranga."