Niliandika Upepo ni Kilimo, Shemeji Yangu Akakosa Shamba

Nimekosa, tena nikiwa na akili zangu timamu. Msinitafutie sababu.

Mimi ni katibu wa kamati ya ardhi katika kijiji kimoja si mbali na Maganzo. Walikuja watu wa mradi wa umeme wa upepo, wakautaka mwinuko wetu. Shida ni kwamba kwenye mpango wa kijiji, mwinuko ule ulitengwa kwa kilimo tu. Kubadilisha matumizi ni lazima mkutano mkuu ukubali.

Jamani, mikutano yetu naijua! Watu wanabishana mpaka jua linazama. Nilikuwa nimeichoka.

Ofisa wao akanivuta pembeni. "Katibu, wewe ni msomi. Upepo si tunauvuna? Basi andika kilimo. Mkutano wa nini?"

Kuitwa msomi kukaniingia. Kwenye karatasi ya kuwapa mwinuko nikaandika "kilimo", nikagonga muhuri. Dakika moja tu!

Shamba la Mama Kabula, mjane wa kaka yangu, lilikuwa pale mwinukoni. Nikamwambia, "Shemeji, usihofu, utalima katikati ya nguzo." Akaniamini, akapanda choroko.

Choroko zikiwa kwenye maua, greda la mradi likapita juu ya shamba lote. Uzio ukafuata.

Akaenda kulalamika baraza la ardhi. Wakamsomea karatasi yangu: matumizi hayajabadilika, ardhi bado ni ya kilimo, kijiji kimempa mkulima mwingine, yaani huo mradi wa upepo. Fidia hakuna. Nami nilikuwepo, benchi la nyuma. Sikufungua mdomo! Niliogopa kufungwa.

Nje akanisimamisha. "Shemeji, hao wanapalilia nini kule?"

Nikampita pembeni, nikaenda zangu.

Siku hizi yuko Masumbwe, anaponda mawe ya dhahabu. Wiki iliyopita nilimfuata, nikapiga magoti kwenye lile vumbi, nikamwomba msamaha. Aliendelea kuponda. Mama mwenzake akamuuliza, "Huyu nani?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Mkulima mmoja wa kwetu."

Ee Mungu wangu! Bora angenitukana.

Barua ya kukiri kwa baraza nimeshaiandika. Iko mfukoni siku ya tano sasa, miguu haitaki kwenda. Nimechoka, ndugu zangu, usingizi wenyewe hauniondolei uchovu.

Ninyi mnaoshika mihuri ya vijiji, mkiletewa neno tamu la kufupisha njia, likataeni. Iteni mkutano. Watu wabishane, wapige kelele, wawachoshe. Kaeni muwasikilize mpaka wa mwisho. Mimi sikukaa.