Kwenye Baiskeli ya Mkwe Wangu

Sisi Waluba tuna heshima moja ambayo wageni huicheka: mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni wala hawagusani. Akikuona njiani, anakata kona. Ukiwa na neno kwake, unamtuma mtu mwingine. Mkwe wangu, fundi cherehani hapa Kamina, aliishika heshima hiyo tangu siku ya harusi, nami nilimpenda kwa hilo, kwa mbali.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nimetoka kwenye sala ya akina mama wetu Wamethodisti. Mimi ndiye niliyeomba kwa sauti: Bwana, unifungue moyo, unitume popote. Ninaomba vizuri, kila mtu anajua. Nilikuwa nachekecha unga niliposikia breki za baiskeli nyuma ya ua, kisha mtu akakohoa. Kilikuwa kisogo cha mkwe wangu, naye alikuwa akizungumza na mpapai.

«Eh papai, ambia mama, binti yake iko ku maternité tangu jana. Mutoto hatoke. Nguvu inaanza kumuishia, anaita mama yake tu.»

Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Simu yangu ilikuwa imezimika, maana umeme hatukuwa nao, na mume wangu alikuwa shambani. Pikipiki zote zilikuwa zimekimbilia abiria wa treni, iliyoingia siku ile baada ya kungojwa sana. Maternité, hospitali ya wazazi, iko upande wa pili wa mji, na kwa magoti yangu haya ningefika mambo yamekwisha, kwa heri au kwa shari.

Nikakasirika. Si mkwe niliyemkasirikia, ni Mungu. Nikamwambia waziwazi, mikono imejaa unga: nilisema popote, sikusema nyuma ya mukwe wangu. Hakunijibu. Namjua, akinyamaza hivyo amekwisha kusema.

Nikakaza kitenge, nami nikauambia mpapai: «Ambia mwenye kinga aishike nguvu. Minyi napanda.»

Kisogo kikainama juu ya kinga, yaani baiskeli, tukaondoka. Mwanzoni nilishika kiti tu, kwa adabu. Mvua ilikuwa imechimba barabara vibaya, na sasa kijana akaanza kuisemesha baiskeli. «Eh kinga, mbele kuko shimo, mama ashike.» Nikashika shati. «Eh kinga, hii ingine iko mukubwa kabisa.» Basi nikamkumbatia mkwe wangu kiunoni, mchana kweupe, mbele ya Kamina nzima. Akina mama Wakatoliki waliokuwa wakitoka misa walisimama. Mmoja akajifunika macho kwa kitambaa, kisha akapiga kigelegele, na wenzake wakampokea. Aibu ilinishika kidogo, halafu nikaanza kucheka, na nilisikia mbavu za mkwe wangu nazo zinacheka.

Binti yangu alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, hata kulia ameacha. Akanitazama nilivyojaa matope.

«Mama, ulikuja na nini?»

«Na kinga ya bwana yako. Nilimushika hapa.» Nikamwonyesha kiuno.

Alinikodolea macho, kisha akacheka, kile kicheko chake cha tumboni nilichokijua tangu akiwa mdogo. Katikati ya kicheko akanibana mkono, na mkunga akasema, «Njo hivyo, mama, usiache, sukuma.» Akasukuma huku akicheka na kulia. Mjukuu wangu akatoka, msichana, ana hasira kama za bibi yake, akatupigia kelele sote. Furaha niliyokuwa nayo saa ile sijui niiweke wapi.

Mkunga akamfunga mtoto kitengeni, akataka kumpeleka nje kwa baba yake. Nikamwambia, lete. Nikatoka naye mwenyewe, nikamshika bega yule kijana aliyekuwa ameelekea ukuta akiomba, nikamgeuza, nikamwekea binti yake mikononi.

Miaka miwili nilikuwa na mkwe, na uso wake nilikuwa siujui. Ulikuwa uso wa mtoto wa watu tu, macho mekundu, ndevu za kuhesabika, machozi yanamwangukia mtoto naye hana mkono wa kuyafuta. Nikayafuta mimi. Kisha nikamuuliza neno ambalo mama yake mwenyewe, kama angekuwapo, angemuuliza: toka jana, umekula?

Hakuwa amekula.