Vitambaa vya Meza ya Bwana

Mama yangu ndiye aliyefua vitambaa vya Meza ya Bwana katika kanisa letu, na yeye mwenyewe hakuruhusiwa kula mezani hapo. Naanza na hilo moja kwa moja, maana kila nikilizunguka nakasirika upya.

Alikuwa mke wa pili. Mke wa kwanza wa Baba aliishi kijijini akilima. Sisi tulikaa na Baba mjini, mtaa wa Nyalenda, kwa kuwa alifanya kazi reli. Sheria ya kanisa ilikuwa wazi: mke wa kwanza anakula, wa pili anangoja. Anangoja nini? Hakuna aliyesema kwa sauti. Baba naye alifungiwa meza, ila yeye hakujali sana. Wakati wa ushirika alitoka nje eti kuchunga baiskeli. "Nyinyi kuleni tu," aliwaambia wenzake akicheka, "mimi nitakula ugali."

Mama hakuwa na mzaha katika jambo hili. Kila Ijumaa alifua vile vitambaa katika beseni ambalo halikuguswa na nguo nyingine, kwa maji aliyoteka mferejini kabla foleni haijajaa. Bluu kidogo, wanga wa muhogo, halafu pasi ya makaa, huku akipuliza majivu yasidondoke. Mimi nilisimama mlangoni nikifukuza kuku na watoto wa watu. Akimaliza kukunja, alivishika kifuani kidogo kabla ya kuvitia kwenye mfuko wa kuvibebea. Hakujua kwamba namwona.

Nilipoingia darasa la kipaimara, nilimuuliza mwalimu mbona Yakobo alikuwa na wake wawili, na vijakazi wawili juu, na bado tunamwimba. Wenzangu wakacheka. Nikatumwa nje kufagia uwanja. Nilifagia nikinung'unika: basi na Yakobo angeachwa kwenye benchi! Bado nasema hivyo, na sasa nina mvi.

Siku niliyokula mara ya kwanza, Mama alinivuta kando tukirudi nyumbani.

"Nyathina, hiyo mkate iko aje?" Nyathina ni mwanangu; aliniita hivyo alipokuwa na jambo moyoni.

Nikadhani nikiudharau nitamfariji. "Haina ladha, Mama. Ni kama karatasi."

Tukavuka barabara. Kisha akasema, "Hata kama ni karatasi."

Nilimtamania Mama ile meza kuliko nilivyojitamania kitu chochote, kuliko viatu, kuliko shule ya bweni. Kila nilipopiga magoti kando ya kitanda niliomba hilo kwanza: Bwana, mfikishe Mama mezani. Wakati huo mikutano ya mahema ilikuwa imeshika moto pale Kondele, vipaza sauti mpaka masikio yanauma, na huko mtu yeyote alikula bila kuulizwa ameolewa wa ngapi. Jirani alimbembeleza waende. Mama akakataa katakata. "Mimi niko na kanisa," alisema, na akarudi kwenye pasi yake.

Mara nyingi tulihubiriwa juu ya yule mwenye karamu aliyetuma watumishi njiani wawaokote maskini na vilema ili nyumba yake ijae. Nilimtazama Mama. Aliitikia Amina kwa sauti kuliko wote. Halafu watu wakasimama kwenda mezani, na yeye akabaki ameketi na wanawake wengine wawili watatu, mikono mapajani.

Baba alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kifua, wiki tatu tu akawa ametutoka. Mama alilia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtu. Watu wa kanisa walisimama nasi vizuri, sitawasingizia. Kama miezi miwili baadaye kasisi alikuja nyumbani, akanywa chai, akasema kwa upole wa kweli kabisa, "Mama, sasa hakuna kizuizi tena. Jumapili karibu mezani."

Ndipo nilipojua walikuwa wanamngojesha nini. Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini. Yawa! Kumbe miaka yote ile, nikiomba Mama afike mezani, nilikuwa naomba nini?

Jumapili ikafika. Mama alivaa vizuri, akakaa kando yangu. Safu yetu ikasimama. Yeye hakusimama.

"Mama, twende," nikamnong'oneza.

"Siendi."

"Lakini umeitaka maisha yako yote!"

"Naitaka hata sasa hivi." Aliitazama meza kule mbele. "Lakini nikipiga magoti pale leo, nitakuwa nimekubali baba yako ndiye alikuwa dhambi yangu. Ati amekufa, sasa mimi nimeoshwa. Siwezi, nyathina. Nilimpenda huyo mtu."

Watu walikuwa wamerundikana nyuma yangu, njia imeziba. Mama akanisukuma kidogo kiunoni.

"Wewe nenda. Unazuia watu."

Nikaenda. Nililia pale mbele ya kanisa zima, na kina mama waliokuwa nyuma yangu wakasema Bwana asifiwe, wakidhani nimeguswa na Roho.