Filamu Niliyobadilishana Suji

Kama unataka kucheka, cheka kabisa sasa hivi, umalize, halafu nyamaza nikusimulie. Yaliyonikuta kijijini Suji hayakumkuta rafiki wa binamu yangu. Yalinikuta mimi, mchana kweupe, na mama yangu yupo hai. Nenda kamuulize kwa nini hakanyagi tena kwangu.

Mimi ni fundi simu hapa Same mjini, na ugonjwa wangu ni filamu za zamani. Sizungumzii hizi za kujaziwa kwenye flashi. Kuna watu huko nje wanachukua filamu ya zamani, wanaisafisha picha, wanatoa diski chache tu, kila moja na namba yake, boksi gumu, na kitabu ndani. Nanunua mbili mbili: moja ya kutazama, nyingine inabaki na nailoni yake. Majirani wananicheka, "Mpare gani wewe, unanunua kitu mara mbili halafu kimoja hukifungui?" Waache. Mkusanyaji anajua kwamba nailoni ikichanika, basi tena.

Sasa, ipo filamu moja niliyoisaka miaka na miaka. Wageni waliipiga huku huku milimani kwetu, enzi za bibi yangu. Bibi alikuwa akitusimulia jinsi yeye na wenzake walivyopigwa picha wakipita na mizigo ya kuni. Kwenye grupu letu la wakusanyaji wote walisema imepotea. Siku moja mtu nisiyemjua akatuma picha ya boksi lenye nailoni, namba moja kati ya moja. Chini akaandika: "Sitaki pesa. Niletee kitu ambacho duniani kipo kimoja tu. Niko Suji."

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo ninapojichukia.

Dada yangu Namsifu alifariki kwa uzazi, hata mwaka wa ndoa hakumaliza. Alituachia mkanda mmoja wa video, wa sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Kila Jumapili mama akitoka ibadani anapita kwangu, anakaa, namwekea. Anataka kipande kimoja tu: Namsifu katika gauni lake la rangi ya chungwa anamlisha mama keki, mama anafungua mdomo, ukumbi mzima unapiga vigelegele. Mama akikiona anacheka, anajifuta macho, anaenda zake. Nilikuwa nimeshauhamishia mkanda ule kwenye flashi. Nikajiambia, wa nini tena? Kopi ninayo. Mama atajuaje?

Jumatano nikashukia Makanya, nikapanda na bodaboda mpaka Suji. Ukungu ulikuwa umefunga njia yote. Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa pembeni kabisa, na mzee alikuwa mlangoni ananingoja. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Kimya. Nikangoja marahaba yangu mpaka nikaona aibu. Mzee wa milimani asiyeitikia shikamoo, wewe ungeingia ndani kwake? Mimi niliingia.

Rafu kila ukuta, filamu zimepangwa hadi darini, zote na nailoni. Lakini televisheni sikuiona, wala waya wa umeme.

"Mzee, unazitazamia wapi?"

"Sitazami," akasema. "Natunza."

Akanipa boksi. Nikaligeuzia dirishani nilikague. Nailoni ilikuwa inang'aa, nikauona uso wangu, dirisha, na rafu nyuma yangu. Mzee alikuwa amesimama begani kwangu, pumzi yake naisikia sikioni, na kwenye nailoni hakuwamo. Haki ya Mungu, nililiona hilo. Na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, kumbe kona za boksi hazijabonyea.

Akaupokea mkanda kwa mikono miwili. "Usipoichana nailoni," akaniambia, "ukitaka kurudisha rudisha, nitakupa chako. Ukiichana, tumemalizana."

Jioni ile ile nikaichana. Mimi! Lakini hii haikuwa na pacha wake, na bibi yangu yumo ndani. Ningevumiliaje?

Picha ilikuwa safi, nyeusi na nyeupe, milima yetu ile ile. Wakatokea wanawake wenye kuni. Katikati yao palikuwa na mmoja asiye na kuni. Gauni lake lilikuwa la rangi ya chungwa, lenyewe tu lina rangi kwenye filamu nzima. Ameshika sahani ya keki. Anamfuata kila anayepita, anamnyooshea uma, na hakuna anayemtazama. Alizunguka hivyo mpaka mwisho wa filamu, kisha akaja mbele, akanikazia macho. Nikazima.

Nikakimbilia flashi. Ukumbi upo, wageni wapo, mama yupo, anafungua mdomo. Mbele yake hapana mtu. Mama anatafuna hewa na vigelegele vinapigwa.

Kesho yake nilikuwa Suji alfajiri. Mkanda ulikuwa rafuni, umeshavishwa nailoni mpya, na picha ya Namsifu juu yake. Nilipiga magoti, nikalia kama mtoto. Mzee akanihurumia kabisa. "Umechana, mwanangu. Ila tunaweza kubadilishana tena. Una kingine kilicho kimoja tu?"

Nikamfikiria mama. Nakwambia ukweli, nilimfikiria. Kisha nikatoka mbio.

Jumapili mama akaja. Akatazama, akasogea karibu na kioo, akasogea tena. "Mbona Namsifu simwoni?"

"Macho hayo, mama," nikasema. "Mtoto wa jicho."

Akaniamini. Kweli jicho moja lilikuwa na ukungu kidogo. Jumapili zilizofuata akawa anakuja kusikiliza vigelegele tu, anatabasamu kuelekea pale anapodhani mwanawe amesimama. Mwishowe, yeye anayeogopa hata sindano, akaomba apelekwe hospitali akapasuliwe, ili amwone binti yake. Nikampeleka. Nilimshika mkono mpaka mlangoni, na sikusema kitu.

Siku aliyotolewa bandeji hakutaka kwenda nyumbani, alitaka kwangu. Nikaweka. Akajiona anavyofungua mdomo, anavyotafuna, anavyocheka peke yake. Hakulia. Akanigeukia na macho yale mapya.

"Mwanangu, dada yako umemfanya nini?"

Mpaka leo sijamjibu, na mpaka leo hajarudi. Filamu ninayo. Siwezi kuitupa, Namsifu yumo, anazunguka na sahani yake na keki haipungui.

Wewe unayekusanya, kusanya. Lakini ukiambiwa ulete kitu ambacho duniani kipo kimoja tu, usianze kukagua kabati lako. Jiulize kwanza ni nani anayekuja kukitazama kila Jumapili. Ule mkanda haukuwa wangu. Ulikuwa wa mama.